Marumaru na Marakaraka

Kila lugha ina maneno ambayo wenyewe huyatumia siku zote bila kuyauliza yanatazama upande gani wa kitu. Neno likitazama upande mmoja, upande wa pili hubaki gizani, na mtu aliyezoea lugha nyingine aweza kudhani ya kuwa upande ule wa pili umo ndani ya neno, kumbe haumo. Makala haya yanachunguza neno moja la namna hiyo, nalo ni marumaru. Swali lenyewe ni dogo kwa umbo: mtu asemapo kwa Kiswahili kwamba kitu fulani ni kama marumaru, je, anasifu mng'ao wake au anaeleza mabaka yake? Jibu nitakalolitetea ni hili: marumaru ya Kiswahili ni neno la mng'ao, la weupe na la ulaini, si neno la mabaka wala la michirizi. Kwa mabaka na michirizi tunayo maneno mengine, na mojawapo lililo bora, yaani marakaraka, limesahauliwa na waandishi wengi wa siku hizi.

Haja ya kuuliza swali hili imeletwa na kazi ya kufasiri. Waingereza, Wafaransa na Waitaliani wamelichukua jina la jiwe hili wakalifanya sifa na kitendo. Kitu cho chote ambacho rangi zake zimeingiliana kwa mawimbi na mishipa, kama zinavyoingiliana katika jiwe lililokatwa, wao hukiita kwa jina la jiwe. Karatasi zilizobandikwa ndani ya majalada ya vitabu vya kale huitwa hivyo. Keki ya unga mweupe uliovurugwa pamoja na unga wa kakao huitwa hivyo. Nyama ya ng'ombe ambayo mafuta yake yamepenya ndani ya mnofu kwa nyuzi nyembamba huitwa hivyo, na ngozi ya mtoto mchanga iliyopigwa na baridi huitwa hivyo na waganga wao. Neno moja linahudumia meza ya mwandishi, jiko, bucha na hospitali. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo huona njia nyepesi imefunguka mbele yake: jina la jiwe lile tunalo, basi na iwe karatasi ya marumaru, keki ya marumaru, nyama ya marumaru. Msomaji asiyeijua lugha ya asili husimama akashangaa. Karatasi ya jiwe haikunjiki, na keki ya jiwe ni ya kuvunja meno.

Mshangao wa msomaji huyo si ujinga. Ni ushahidi juu ya neno, na ushahidi huo unakubaliana na historia ya neno lenyewe.

Marumaru ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, ambamo hutamkwa marmar. Kiswahili hakipendi silabi iliyofungwa, kwa hiyo kila r ilipewa irabu ya kuifungulia, na neno likapata silabi nne mahali pa mbili. Nyuma ya Kiarabu kuna Kiyunani, marmaros, na nyuma ya jina hilo Wayunani wenyewe walisikia kitendo cha kumetameta. Homer, katika utenzi wake wa Iliad, aliisifu bahari kwa neno la ukoo huo huo, na aliloliona baharini halikuwa mishipa ya rangi bali mwanga unaocheza juu ya maji. Warumi walipolichukua jina hilo wakalifanya marmor, washairi wao walifuata njia hiyo: Virgil aliuita uso wa bahari iliyotulia kwa jina la jiwe, makasia yakishindana nao. Basi katika chimbuko lake neno hili lilikuwa la nuru. Maana ya mabaka ilikuja baadaye sana, tena huko Ulaya. Kwa hiyo Kiswahili, kinapoitumia marumaru kwa mng'ao, hakikupungukiwa na kitu. Kimeishika maana iliyo kongwe kuliko ile ambayo wafasiri wanataka kukivika.

Hali ya jiwe lenyewe yaeleza kwa nini maana hizi mbili zimeweza kutengana. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na kani ya ardhi kwa muda mrefu mno, hata chembe zake zikaungana upya. Ikiwa chokaa ilikuwa safi, jiwe hutoka jeupe. Ikiwa ndani yake mlikuwamo udongo, chuma au takataka nyingine, hizo ndizo zifanyazo mishipa ya kijivu, ya kijani, ya manjano au nyekundu. Kwa maneno mengine, mng'ao ni wa jiwe, bali mabaka ni ya uchafu uliolipata jiwe. Marumaru ya Makrana katika Rajasthan, ambayo Shah Jahan aliitumia kuijengea Taj Mahal tangu mwaka 1632, husifiwa kwa weupe wake, wala hapana asemaye kwamba imepungukiwa kwa sababu haina mabaka mengi. Mtu aliyeijua marumaru kwa jengo kama hilo hana sababu ya kulifanya jina lake kuwa neno la mchanganyiko wa rangi.

Tena yafaa tukumbuke kwamba hata wale waliokaa na marumaru ya mishipa milangoni pao hawakuona kuwa jina la jiwe latosha kuieleza mishipa hiyo. Marumaru ya kisiwa cha Euboea, nyeupe yenye tabaka za kijani, Waitaliani waliipa jina litokanalo na kitunguu, maana imefungamana tabaka kwa tabaka kama kitunguu kilichokatwa. Ile ya Frigia, nyeupe yenye mishipa ya zambarau, ilipewa jina litokanalo na tausi. Wapi na wapi, kitunguu na kasri ya kaisari! Lakini huo ndio utaratibu wa lugha zote. Mtu atakapo kueleza umbo la rangi hukimbilia kitu alichokizoea nyumbani, shambani au angani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa karatasi. Sanaa ya kudondosha rangi juu ya maji yaliyotiwa utomvu, kuzichora rangi hizo kwa kijiti au kitana zikingali zinaelea, kisha kulaza karatasi juu yake ili ichukue sura, ilistawi kwa Waajemi na Waturuki kabla haijashika Ulaya. Waturuki huiita ebru, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina hilo huhusishwa na neno la Kiajemi abr, maana yake wingu. Wajapani, walio na sanaa inayofanana nayo, huiita suminagashi, yaani wino uelezwao majini. Wazungu, walipozipenda karatasi hizo katika karne ya 17, waliziita karatasi za marumaru. Kitu ni kimoja: mmoja ameona wingu, mmoja ameona wino unaoelea, mmoja ameona jiwe. Hapana sheria inayomwamuru Mswahili aone jiwe.

Sasa tuje pwani kwetu tutazame jiwe hili lilionekanaje kwa macho ya watu wake. Miji ya mawe ya Waswahili haikujengwa kwa marumaru. Ilijengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini na ardhini, yakaungwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Husuni Kubwa ya Kilwa, kasri ya karne ya 14, ni kazi ya matumbawe na chokaa. Katika nyumba za kiungwana za Lamu na Pate kuta zilipakwa lipu nyeupe ikasuguliwa hata ikawa laini, na vidaka vikapangwa ukutani vipokee sahani za kaure. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha jinsi dunia inavyowageuka wenyewe, alivitaja vidaka hivyo vya sahani vilivyokuwa viota vya ndege. Kipimo cha uzuri wa nyumba kilikuwa ni mwanga uliorudishwa na ukuta na kaure. Marumaru ilipofika pwani ilifika kama mgeni wa heshima: msikiti wa Fakhr al-Din mjini Mogadishu, uliojengwa katika karne ya 13, una marumaru iliyochongwa na mafundi wa Gujarat ng'ambo ya bahari. Na Unguja, Sultani Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliitia sakafu za marumaru. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, lakini sifa ya sakafu zake ilikuwa imekwisha kuingia katika masimulizi. Wenyeji wa miji iliyopakwa chokaa walipoliona jiwe hili, walilitambua kwa sifa waliyokwisha kuipenda katika kuta zao wenyewe, ile ya kung'aa. Wala hawakukosea, maana matumbawe, chokaa na marumaru kwa asili ni kitu kimoja.

Ushahidi wa maandishi unakwenda upande huo huo. Katika hadithi za Alfu Lela U Lela, ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezijua kwa miaka mingi, marumaru ni sakafu ya kasri na ukingo wa birika; kazi yake ni kumwambia msomaji ya kuwa mwenye nyumba ni tajiri. Karibu na picha hiyo iko ile ya Bilkisi katika Sura ya An-Naml, alipoingia katika jumba la Nabii Suleimani, akaidhani sakafu kuwa ni maji mengi, akafunua miguu yake. Sakafu ile ilikuwa ya vioo, si ya marumaru. Lakini yeyote aliyekua na kisa hicho amejifunza kwamba sakafu ya wafalme husifiwa kwa kufanana na maji. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, Wimbo Ulio Bora unaifananisha miguu ya mpendwa na nguzo za marumaru, na hapana msikilizaji atakayefikiri kwamba miguu hiyo ina mabaka. Katika Kitabu cha Esta sakafu ya mfalme wa Uajemi ni ya marumaru yenye rangi nyingi. Angalia hapo jinsi maandiko yalivyofanya: rangi zimetajwa moja moja. Kama neno marumaru lingetosha kuleta wazo la mchanganyiko wa rangi, orodha hiyo isingalihitajiwa.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi tutazame matumizi ya leo. Katika miji ya Tanzania, neno marumaru limeshuka kutoka kasri likaingia katika nyumba ya kawaida. Fundi na mwenye nyumba wakisema sakafu imewekwa marumaru, mara nyingi hawana maana ya jiwe lililochimbwa; wana maana ya vigae vya udongo uliochomwa, vyenye uso laini unaong'aa. Tangazo la nyumba ya kupangisha husema ina marumaru, na mpangaji huelewa ya kuwa sakafu itafagilika na kupigwa deki kwa urahisi. Kigae hicho chaweza kuwa cheupe tupu, cha kijivu tupu au chekundu tupu; ni marumaru vile vile. Hapa neno limeliacha jiwe, limeyaacha mabaka, likaushika mng'ao peke yake. Badiliko hili ni ushahidi ulio na nguvu kuliko ule wa vitabu, kwa sababu halikufanywa na msomi wala mfasiri. Limefanywa na watu katika shughuli zao, na watu wamechukua kile walichokuwa wakikisikia ndani ya neno siku zote.

Sasa twende upande wa pili wa hoja: ikiwa marumaru si neno la mabaka, neno la mabaka ni lipi?

Kiswahili hakina umaskini hapa. Milia ni mistari yenye mwelekeo, kama ile ya punda milia. Madoa ni alama ndogo ndogo zilizotengana, kila moja ikiwa peke yake juu ya rangi moja ya chini, kama ya chui. Vipaku ni madogo zaidi. Mabaka ni mapana, hayana umbo maalumu, na kingo zake hazikukatika vizuri. Ndiyo maana watu huziita sare za askari za kujifichia porini kuwa ni za mabaka. Michirizi ni alama zilizoshuka kama maji yalivyoshuka ukutani baada ya mvua. Mawimbi ni ya mistari iliyopinda pamoja bila kukatana. Na marakaraka ni pale rangi mbili au zaidi zilipoingiliana hata mtazamaji asiweze kusema ipi ni ya chini na ipi imewekwa juu yake. Kuku wa marakaraka si mweupe mwenye madoa meusi, wala si mweusi mwenye madoa meupe. Ni yote mawili kwa pamoja. Hiyo ndiyo hali ya jiwe la mishipa, ya karatasi ya ebru, na ya keki ya unga wa rangi mbili. Neno tulilolitafuta ng'ambo lilikuwa uani kwetu likidonoa mtama.

Kwa nini basi mwandishi akwepe neno hilo, akimbilie marumaru? Naona sababu yake haiko katika uvivu peke yake. Maneno yetu ya alama za rangi yamezaliwa katika ila. Doa ni uchafu ulioingia nguoni, na kumtia mtu doa ni kumharibia jina. Waa ni dosari, na asiye na mawaa ni mtu safi. Baka ni alama ya ngozi iliyougua. Kiraka twakijua sote, na kikiwa kikubwa ni raka: ni kipande cha nguo nyingine kilichoshonwa juu ya tundu, nacho ni shahidi wa ufukara. Mwandishi anayetaka kusifu uzuri wa karatasi au wa jiwe huona haya kuyatumia maneno haya, maana yananukia aibu. Marumaru kwa upande wake imezaliwa katika sifa. Mwandishi huikimbilia kama mtu anayevaa kanzu ya kuazima kwenda harusini.

Lakini katika kuona haya huko, mwandishi amesahau kazi moja kubwa ya sarufi ya Kiswahili, nayo ni kurudufisha. Doa ni ila. Madoadoa ni sura. Baka ni ugonjwa. Mabakabaka ni sura. Raka ni ufukara. Marakaraka ni sura. Neno likisemwa mara mbili ndani ya mwili wake mwenyewe, ile alama moja iliyoharibu kitu huwa alama nyingi zinazokipamba, kwa maana kinachorudiwa kila mahali hakiwezi tena kuitwa bahati mbaya. Nguo nyeupe yenye doa moja itafuliwa. Nguo yenye madoadoa kutoka pindo hadi pindo itanunuliwa dukani. Leso zetu zenyewe, kama isimuliwavyo, zilipata jina la kanga kwa sababu zile za kwanza zilikuwa na vidoto vilivyofanana na manyoya ya ndege huyo. Sisemi kwamba kila mzungumzaji huishika tofauti hii daima. Wako wasemao madoa ya chui kwa umbo la kawaida, na hawakukosea. Nasema kwamba njia iko wazi katika lugha, na mwandishi aijuaye hana haja ya kuona haya.

Mahali pamoja katika maandishi ya Kiswahili panaonyesha jambo hili kwa ukamilifu. Ni katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, katika Biblia hiyo hiyo ya Union. Yakobo anapatana na mjomba wake Labani juu ya ujira wa kuchunga: wanyama wasio wa rangi moja watakuwa wake. Labani anakubali, maana wanyama wa namna hiyo ni wachache, na siku ile ile anawatenga waliopo na kuwapeleka mbali kwa mwendo wa siku tatu. Kisa chote chategemea majina ya alama, na wafasiri hawakuyachanganya. Wametumia milia, wametumia madoadoa, wametumia marakaraka, kila moja mahali pake. Maneno hayo matatu yakisomwa kwa sauti, msikilizaji humwona kila mnyama kwa umbo lake. Tena twaona jinsi thamani ilivyogeuka: kile kilichohesabiwa kuwa pungufu siku ya mapatano ndicho kilichokuja kuwa utajiri wa mchungaji. Hapo marakaraka si neno la kuonea haya. Ni neno la mali. Wafasiri wale walifanya kazi yao bila kuazima jiwe.

Yawezekana kwamba sura ya neno marumaru nayo imechangia kutupoteza. Masikioni linafanana na maneno yaliyorudufishwa. Maru-maru, doa-doa, raka-raka: mdundo ni ule ule, na ma- ya mwanzo inaonekana kama kiambishi cha wingi. Ndiyo maana wengine husema marumaru haya na wengine marumaru hii, na marumaru hizi zikiwa vigae vingi. Lakini kufanana huko ni kwa nje tu. Hakuna kitu kiitwacho maru ambacho kikirudiwa huwa marumaru. Urudufu wa neno hili ulifanyika katika lugha nyingine kabla halijavuka bahari, na kwetu haukuleta maana ya wingi wala ya kutapakaa. Mwanafunzi wa lugha ajihadhari na ndugu wa sauti wasio ndugu wa damu.

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba hili ni suala la ladha, na kwamba karatasi ikiitwa hivi au vile hapana atakayedhurika. Naomba atazame mfano wa ngozi. Waganga huiita kwa Kilatini cutis marmorata ile hali ya ngozi ya mtoto mchanga kuonyesha mabaka kama wavu anapopata baridi. Mara nyingi si jambo la hatari, na hutoweka mtoto akipashwa joto. Lakini ngozi yenye mabaka ya namna hiyo kwa mtu aliye mgonjwa sana, kama magotini, yaweza kuwa dalili ya kwamba damu haizunguki vema, na hapo mgonjwa anahitaji msaada wa haraka. Niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri zoezi la kufasiri maelezo ya namna hii kwa ajili ya wazazi. Karatasi kadhaa zilirudi na maneno ngozi ya marumaru. Mama wa Kiswahili akisomewa kwamba ngozi ya mwanawe imekuwa ya marumaru atasikia nini? Atasikia sifa. Atasikia kwamba mwanawe ana ngozi laini, inayong'aa, isiyo na kipele. Atashukuru, atamfunika, atakwenda zake. Neno lililokusudiwa kumwonya limempongeza. Na kwa kuwa mabaka hayo ni magumu kuonekana katika ngozi nyeusi, mama huyo alihitaji neno lililo wazi kuliko mama mwingine ye yote. Neno hilo lipo: mabaka. Ila yake hapa ni faida, kwa maana twataka liogopeshe kidogo.

Mfano huu unatufundisha kwamba haitoshi kulibadili neno moja la kigeni kwa neno moja la Kiswahili mahali pote. Ngozi ya mgonjwa na iwe na mabaka, bila kurudufisha, kwa sababu ni dalili wala si pambo. Karatasi ya jalada na iwe ya marakaraka, au ya mawimbi ikiwa mistari yake imepinda pamoja. Keki yaweza kuwa ya marakaraka. Na mpishi akipenda kuiita ya rangi mbili, amesema kweli. Nyama haihitaji mfano wo wote: ni nyama iliyopenywa na mafuta, na kila muuza bucha ataelewa. Jiwe lenyewe, likiwa na mishipa, na liitwe marumaru yenye michirizi ya kijani, au ya kijivu, kama lilivyo. Katika sentensi hiyo ya mwisho kila neno linafanya kazi yake. Marumaru inatoa mng'ao, michirizi inatoa umbo, na hakuna lililolazimishwa kubeba mzigo wa jirani.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Lugha hukua, na neno lililoweza kuhama kutoka jiwe hadi kigae laweza pia kuhama kutoka mng'ao hadi mabaka. Tena vigae vingi viuzwavyo leo huchapwa juu yake mishipa ya kuiga jiwe, na mtoto anayetambaa juu ya sakafu hiyo huenda akakua akiona mishipa kila asikiapo marumaru. Hilo laweza kutokea, na likitokea kamusi itafuata, wala hapana mhakiki atakayelizuia. Lakini mhakiki hahukumu kwa matumizi yatakayokuja. Huhukumu kwa yale anayoyasikia msomaji aliye mbele ya kitabu sasa, na msomaji huyo, kama tulivyoona katika majumba, katika maandiko na katika matangazo ya nyumba, bado anasikia mng'ao. Safari ya kutoka jiwe hadi kigae ilipita juu ya daraja hilo la mng'ao. Safari ya kutoka mng'ao hadi mabaka haijajengewa daraja bado, na mfasiri anayemsukuma msomaji avuke anamtumbukiza.

Kwa hiyo namwomba mwanafunzi wa fasihi anapokutana na tashbiha ya marumaru, katika shairi la Kiswahili au katika tafsiri, aulize kwanza swali hili moja: kinachosifiwa hapa ni mwanga au ni alama? Ikiwa ni mwanga, tashbiha ni ya kwetu na ina nasaba ndefu. Ikiwa ni alama, na achunguze kama mwandishi ameona kitu kwa macho yake au amekiona kupitia kamusi ya watu wengine. Na wale watungao kamusi zetu wangetutendea wema kama, pamoja na kulitaja neno marakaraka, wangeliwekea mifano: ya kuku, ya mbuzi, ya karatasi na ya jiwe, ili mfasiri akifunua ukurasa ajue ya kuwa neno limo, na ya kuwa laweza kutumika kusifu.